Siku Niliyoomba Choo Nikapewa Chuo

Afadhali jambo hili mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu kuliko mlisikie huko mtaa wa Langoni, maana nimeshaambiwa kwamba hadithi hii imefika mpaka sokoni na njiani imeongezwa punda ambaye hakuwepo. Nilijiendea haja kubwa mikononi mwa mkwe wangu, mchana kweupe, mbele ya wanaume arubaini na kitu, siku ya nikaha ya binti yangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Haya, nimeshasema, na sijafa. Sasa nipeni nafasi nieleze ilivyokuwa.

Mimi ni mpishi wa halua, au tuseme nilikuwa. Karibu miaka thalathini nimesimama mbele ya sufuria la shaba nikisonga kwa mwiko mrefu, na nilikuwa na mikono ambayo vijana wa mtaani walikuwa wakiomba kushindana nayo wakajuta. Kisha, miaka mitatu iliyopita, mwiko ukaanza kunitoka mkononi, nikadhani ni samli. Halafu kiatu cha kushoto kikawa kinabaki nyuma mimi nakwenda mbele, nikadhani ni kiatu. Mwisho nikaanguka msikitini nikisujudu, na hapo sikuwa na wa kumsingizia tena. Tukaenda Mombasa, tukaenda Nairobi, nikadungwa sindano zenye nyaya, na daktari akatuambia ni ugonjwa wa moto nyuroni, yaani zile neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakufa polepole, na misuli isiyopata amri hulala. (Majirani waliposikia neno "moto" walisema si ajabu, mtu aliyekaa motoni miaka thalathini. Nimechoka kuwasahihisha.) Siku hizi nakaa kwenye kiti cha magurudumu, kifungo cha kanzu hunishinda, na nikisema utadhani nina tende mbili mdomoni. Akili iko vilevile, na hiyo ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu aibu hukaa akilini.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya nalo, nalo ni choo. Mtu mzima hajui kwenda chooni ni kazi ya viungo vingapi mpaka viungo vigome. Mkojo ulikuwa ukinijia kwa haraka na miguu haina haraka yoyote, kwa hiyo kila nikibanwa ilibidi mke wangu Rukia aache alilokuwa akifanya, anishike, anivushe, anifungue kikoi, na nusu ya safari hizo tulifika tumechelewa. Sista Nekesa, muuguzi wa kutoka bara anayepita nyumbani kwetu kila Jumanne, aliniletea chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, nijisaidie papo hapo nilipokaa. Nilimshukuru sana, akatoka, nikamwambia Rukia aiweke juu ya kabati nisiione. Kisha mimi na akili yangu timamu nikapata dawa yangu mwenyewe. Niliamua nisinywe maji. Kisichoingia hakitatoka, nikajiambia, na nikajiona mjanja.

Rukia aliona. "Baba Saumu, yeo hukunwa mai tangu asubuhi," alikuwa akisema, na bilauri ameishika mbele ya pua yangu, nami hulowesha midomo tu nikamrudishia. Sista Nekesa naye aliuliza, kila Jumanne, bila kuona haya kama vile anauliza bei ya nyanya, "Mzee, choo unapata?" Nami hujibu, "Kila siku, alhamdulillahi," na Mungu anisamehe, maana nilikuwa namshukuru kwa kitu ambacho hakijatokea.

Hapo ndipo posa ya Saumu ilipokuja. Saumu ni binti yetu wa pekee, mwalimu wa chekechea, na aliyemposa ni Famau, kijana mrefu wa kisiwa cha Kiwayu mwenye maneno machache, anayetengeneza injini za maboti. Ndugu zangu wakanishauri kwa upole nimfanye sheikh wakili wangu amwozeshe binti kwa niaba yangu, kwa kuwa kusema kwangu ni kwa shida. Nikakataa. Miguu nimeshatoa, mikono nimeshatoa, lakini yale maneno ya kumwoza mwanangu niliyataka yatoke kinywani mwangu maadamu kinywa kingalipo. Wiki mbili nzima nilifanya mazoezi mbele ya Rukia, "nimekuoza binti yangu Saumu," polepole, silabi kwa silabi, mpaka kasuku wa jirani akawa anamwoza Saumu kila asubuhi.

Na kadiri siku zilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kukaza, maana wageni wa Kiwayu wangekuja, na wakwe mnajua wenyewe, mtu hataki wakwe wamwone hata akipiga mwayo. Maji nikapunguza hata yale ya kulowesha midomo. Ijumaa ya nikaha ilipofika nilikuwa na siku ya sita sijapata choo, tumbo limesimama kama dufu la maulidi, na chai siioni tamu. Nikaona sitaweza kumwoza mtu katika hali ile.

Badala ya kumwambia Rukia, nikamwita dada yangu, Bi Tima, ambaye ana majani ya kila maradhi nyumbani kwake. Akanichemshia sanamaki, majani ya kulegeza tumbo. Alinieleza vizuri kabisa, simlaumu, kwamba ni kiasi cha kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kinywewe usiku, mtu alale, asubuhi aone faida yake. Mimi nilikunywa bilauri nzima kwa mrija, baada ya sala ya alfajiri. Saa ikapita, saa mbili, tumbo kimya. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikamwita tena dada yangu nikamwambia ile ya kwanza nilikuwa nimeitapika, anipe nyingine (uongo, hata tone halikumwagika), akanitazama kwa shaka lakini akanipa. Basi nikavishwa kanzu nyeupe mpya na kofia ya kiua, nikabebwa na wanaume wanne mpaka chini kiwandani, uwanja wa ndani wa nyumba yetu, nikawekwa kwenye kiti changu mbele ya mikeka kama sultani. Sikuwa nahisi chochote, na nikamlaumu dada yangu moyoni kwamba majani yake yamechacha.

Saa kumi wanaume wamejaa, udi unafuka, wanawake wako juu na Saumu. Famau amekaa mbele yangu juu ya mkeka, joho jeusi na kilemba, amependeza mno. Sheikh akaanza khutba ya ndoa. Alipofika katikati, tumbo langu likageuka upande, mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Nikajiambia ni upepo. Likageuka tena. Jasho likanitoka kwenye kofia. Ninyi wenye afya mkibanwa hujikaza, na misuli huwatii; mimi nilijikaza kwa roho tu, maana vinginevyo sikuwa na cha kukaza.

Sheikh akamaliza, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Bwana Athmani, uko tayari?"

Kukawa kimya, kimya kile cha watu wengi wanaosubiri neno moja, na kabla sijafungua kinywa tumbo likajibu kwa niaba yangu, jibu refu, lenye mwanzo na kati na mwisho. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Wote wakatazama dari, na kiwandani kwetu hakuna dari.

Nikasema, "Sheikh, nataka choo." Naapa ndivyo nilivyosema. Lakini ulimi wangu siku ile ulikuwa mzito kwa hofu, na neno likatoka limevimba katikati.

"Anataka chuo," sheikh akawatangazia watu, na uso wake ukang'aa. (Kwetu Amu, yaani Lamu, wazee bado huita kitabu chuo, na msahafu ndio chuo cha vyuo vyote.) "Mashaallah, anataka kuanza na aya za Mwenyezi Mungu. Mpeni chuo."

Watu wakainuka, mmoja akatoa msahafu kwenye kidaka cha ukutani, akaubusu, akauleta. Mimi natikisa kichwa. Sasa fikirini, mtu niko katika hali ile, sina hakika na udhu wangu kwa dakika moja mbele, na Kitabu kitukufu kinakuja mapajani mwangu na mikono ya kukizuia sina. Machozi yakanitoka. Mzee mmoja nyuma akasema kwa huruma, "Mwateni alie, ni utungu wa mwana," na wengine wawili wakaanza kulia pamoja nami. Nikasema tena choo, nikasema choo, choo, na sheikh akanipapasa bega, "Kinakuja, Bwana, kinakuja." Nami nikiwaza, kinakuja kweli.

Famau ndiye aliyeinuka. Hakuwa akinitazama usoni kama wengine, alikuwa akitazama jinsi nilivyokaa. Akaupokea msahafu kwa mikono miwili, akamrudishia sheikh kwa adabu, akasema, "Samahani, sheikh. Baba hakusema chuo. Baba ataka choo." Akavua joho, akampa aliyekuwa karibu, akashika kiti changu.

Tungefika. Naamini hadi leo kwamba tungefika, lakini nyumba zetu hizi za mawe zina vizingiti virefu, na gurudumu likakwama katika kizingiti cha kwanza, na hapo kila mwanamume aliyekuwepo akawa fundi. Mmoja anasema inueni, mwingine anasema rudisheni nyuma, mwingine anasema kiti kipinduliwe ubavu, na wale wa Kiwayu wanapiga kelele, "Pisheni ndia, pisheni ndia," na wao wenyewe ndio waliosimama njiani. Famau akaona hakuna faida, akainama, akanipitisha mkono mgongoni na mwingine chini ya magoti, akaniinua.

Na hapo, tumbo lilipokunjika, sanamaki yote ya Bi Tima, ya alfajiri na ya adhuhuri pengine, ikaona mlango uko wazi. Sitaeleza zaidi. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe na yake ilikuwa nyeupe, na zote mbili zilikoma kuwa nyeupe kwa wakati mmoja. Mkojo nao ukafuata, haukutaka kuachwa. Kutoka katikati ya mikeka nikasikia sauti moja ikisema taratibu, "Ongezeni udi."

Famau hakuniangusha. Hata hakusimama. Akapanda ngazi.

Choo chetu kiko juu, na juu ndiko waliko wanawake, na wanawake walikuwa wamekaa saa nzima wakisubiri kusikia hatua za bwana harusi akipanda baada ya kuozwa. Wakasikia hatua za bwana harusi. Vigelegele vikalia nyumba nzima. Shangazi yake Rukia alikuwa amesimama kileleni mwa ngazi na mrashi wa fedha, naye haoni vizuri, akatumiminia marashi, kichwani, kifuani, hata usoni mwangu, huku wengine wakitutupia asumini, na Famau anasema "ahsanteni, ahsanteni, tupisheni" kwa adabu ile ile, na mimi nimo mikononi mwake nimevaa asumini masikioni nikiomba ardhi ipasuke, ila tulikuwa ghorofani.

Rukia akatokea. Alitazama mara moja tu. "Nyamazeni," akasema. "Hayaozwa mtu bado." Akatufungulia mlango wa choo.

Ndani, Famau akanikalisha, akanivua, akaniosha. Alijua kazi yake: akajaribu kwanza maji kwa mkono wake, akanifunika kwa kikoi pale pasipohitaji kuwa wazi, akaanza juu akashuka chini. Mimi nililia kama mtoto. Nikamwambia, na sijui aliyafahamu vipi maneno yangu siku ile, "Famau, kama wataka kughairi, ghairi sasa. Sitakulaumu."

"Nighairi nini, Baba?" akasema. "Mimi nimekuja kuoa, sikuja kukagua." Akamimina kata nyingine ya maji. "Nyanya yangu kule Kiwayu nilimwosha miaka miwili. Alikuwa akinitukana kila nikimwosha, mpaka majirani wakasikia. Wewe hujanitukana hata mara moja."

"Bado," nikamwambia.

Akanitazama aone kama nafanya mzaha, akaona nafanya mzaha, na hapo tukaanza kucheka, wawili sisi, yeye amechuchumaa na kilemba kimemwangukia sikioni, mimi uchi na asumini, tukacheka mpaka kicheko kikalitikisa tumbo na kazi ikaanza upya. Tukacheka zaidi. Nje Rukia akagonga mlango, "Mwacheka nini humo na watu wawangoja?"

Nguo zikawa shida. Nyeupe nyingine sikuwa nayo, kwa hiyo Rukia akapitisha mlangoni kanzu zangu mbili za zamani za kazini, zilizofuliwa mara elfu na bado zanuka iliki. Yangu ilinipwaya, maana nimekwisha. Yake ilimfika chini kidogo ya magoti. Famau akanibeba tena. Wanawake walikuwa wamejipanga kimya ukutani, midomo wameifunika kwa buibui na mabega yanatikisika, na Sista Nekesa alikuwa miongoni mwao amevaa dera la harusi, ndiye peke yake asiyecheka. Alinitupia jicho moja, nikajua Jumanne yangu itakuwa nzito.

Tulipotokea kiwandani watu wote walikuwa wamekaa palepale. Sheikh hakumruhusu mtu kuondoka. Sakafu imeoshwa, kiti changu kimevushwa, udi unafuka mpaka macho yanawasha. Nilikaa, Famau akakaa mbele yangu na kanzu yake fupi, na sheikh akakohoa kidogo, akaniuliza tena kama vile anauliza mara ya kwanza, "Bwana Athmani, uko tayari?"

"Sasa ndiyo," nikasema.

Hapo wakacheka, kiwanda kizima, sheikh kilemba kinacheza, wale wa Kiwayu wanapigana mapaja, na kile kicheko kilinishushia mzigo wa miezi. Nilikuwa nimeogopa jambo moja tu duniani, na limeshatokea, na watu hawa hapa bado wamekaa. Famau akashika mkono wangu wa kulia. Wangu hauwezi kushika, basi akashika kwa ajili yetu sote wawili. Nikasema maneno yangu, nimekuoza binti yangu Saumu, polepole, silabi kwa silabi, na hakuna aliyeniuliza nimesema nini. Alipojibu kwamba amekubali, vigelegele vya juu vilichelewa kidogo, maana safari hii walitaka hakika kwanza.

Saumu alipoletwa kunibusu mkono aliinama akaninusa, akasema, "Baba, marashi yamekuzidi yeo," kisha akaweka kichwa chake begani mwangu akakaa muda mrefu, na bi harusi na wanja wake akaniharibia kanzu ya pili.

Jumanne Sista Nekesa akaja, akafunga mlango, akavuta kigoda. "Mzee, sasa tusidanganyane." Nikamweleza yote. Aliniambia ugonjwa wangu kwa kawaida hauzigusi sana zile neva za kibofu na choo. Taabu huja kwa njia nyingine, miguu haifikishi kwa wakati, mikono haifungui, misuli ya tumbo haina nguvu ya kusukuma, na hata dawa ninayopewa ya kukausha mate hukausha na tumbo. "Halafu wewe ukaongeza kunyima mwili maji," akasema. "Hapo ugonjwa hauna kosa, Mzee. Hapo ni wewe." Akanipangia maji kidogo kidogo tangu asubuhi, papai na uji, kukaa chooni baada ya kifungua kinywa hata kama sijisikii, na kigoda cha kuinua miguu. Dawa ya kulainisha itoke kwake kwa kipimo, na sanamaki ya bilauri nisiisogelee tena. Kisha akapanda juu ya kiti, akaishusha ile chupa kutoka kabatini, akaipangusa vumbi, akaniwekea mkononi.

Naifuata ratiba hiyo, na niwaambie, mtu aliyepata choo kila asubuhi ni mtu mwenye furaha, hata kama hawezi kufunga kifungo. Kusema uongo kuhusu tumbo langu nimekoma. Atakayeniuliza nitamjibu, na asiyeniuliza ajihadhari nisije nikamwambia.

Basi jioni moja niliisimulia hadithi hii barazani, yote, na chuo na vizingiti, watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Walipoondoka, akabaki Bwana Mbwana, karani mstaafu wa forodha, mtu mkali ambaye hajapata kuonekana na shati nje ya suruali. Alikaa akizungusha kikombe kitupu.

"Huyo sista," akasema mwisho, "huja siku gani?"

"Jumanne."

"Na huuliza mbele ya watu?"

"Hapana, Bwana. Hufunga mlango."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akanyoosha shati lake, akaenda zake. Jumanne asubuhi Rukia alipofungua mlango wa nje alimkuta ameketi barazani kabla hata sista hajafika, na pembeni yake, kila mmoja akitazama upande wake kama hawajuani, walikuwa wamekaa wazee wengine watatu.